Njia ya kuwa mtafiti wa patholojia ya saratani ya mapafu ukiwa Uganda

Vijana wanaonipigia simu kuhusu kazi hii karibu wote huuliza jambo moja: nisome nini kuhusu jeni, na nikasomee wapi? Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Hapa kwetu utafiti wa saratani ya mapafu hukwama mapema zaidi, hukwama kwenye kinyama, yaani kile kipande kinachokatwa mwilini mwa mgonjwa ili kipimwe. Ama kilichukuliwa kidogo mno, ama kilitiwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, ama hakikuchukuliwa kabisa kwa sababu mgonjwa yuko mwezi wa nane akimeza dawa za kifua kikuu asichokuwa nacho. Kwa hiyo hapa chini nitakaa sana maabara, na vyeti nitavipitia mbiombio.

Tuhesabu miaka kwanza, usije ukasema hukuambiwa. Udaktari miaka 5, mafunzo ya vitendo hospitalini mwaka 1, umahiri wa patholojia (ubingwa wa kusoma magonjwa kwenye vinyama) miaka 3, kisha uzamivu ambao ukienda vizuri ni 3 au 4. Katikati kuna miaka ya kusubiri mfadhili, kuoa au kuolewa, na kulipia wadogo zako karo. Ukimaliza kidato cha sita na miaka 19, tarajia kukamilisha ukikaribia 35. Mjomba atakuuliza kila Krismasi kama bado unasoma. Mzoee.

Hatua ya 1: Ingia udaktari, au ingia kwa mlango wa maabara

Biolojia na Kemia ndizo nguzo, pamoja na Fizikia au Hisabati. Udaktari unafundishwa Makerere, Mbarara, Gulu, na vyuo binafsi kama KIU kule Ishaka. Ukichagua chuo, usiangalie jina peke yake. Uliza kama hospitali yake ina maabara ya histolojia, ile ya kuandaa vinyama kwa hadubini, inayofanya kazi, na kama daktari wa patholojia ni wa kukaa au ni wa kupita Alhamisi kusaini ripoti.

Makerere ina urithi wake. Shule yake ya tiba ilianza 1924, na ni Mulago ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Burkitt aliuona kwa macho, lakini walioonyesha kuwa ule ni limfoma, saratani ya seli za kinga, ni watu wa hadubini, Gregory O'Conor na Jack Davies, katika idara ya patholojia ya hapo hapo. Idara hiyo ndiyo iliyoanzisha Rejista ya Saratani ya Kampala katika miaka ya 1950, ambayo inahesabu wagonjwa wa Kyadondo, kaunti yenye Kampala ndani yake. Kabla hujaandika kwenye pendekezo lako kwamba Uganda haina takwimu, kaisome rejista hiyo.

Ukimaliza mafunzo ya vitendo, jisajili kwa baraza la madaktari, UMDPC. Kama alama za udaktari hazikutosha, kuna shahada ya teknolojia ya maabara, kisha uzamili wa baiolojia ya molekuli au bioinfomatiki. Hutasaini ripoti ya kinyama cha mgonjwa, hilo ni la daktari. Lakini utafiti unaweza kuuongoza, na nimeona wenye shahada hiyo wakiwaacha madaktari nyuma kwa sababu wao mashine wanaijua kwa mikono.

Hatua ya 2: Kaa na fundi wa histolojia kabla ya kukalia hadubini

Hatua hii wengi huiruka. Omba wiki 4, ukiwa bado mwanafunzi, ukae na fundi kuanzia asubuhi anapofungua makopo hadi jioni anapopanga slaidi. Usiende kama daktari mgeni, nenda kama mtu wa kuosha vyombo.

Anza na fomalini. Dukani huuzwa ikiwa kali, asilimia 37 hadi 40 ya fomaldehaidi. Chukua mililita 100 za hiyo, ongeza mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Hiyo ndiyo fomalini ya asilimia 10 isiyogeuka asidi. Hospitali zinapobana matumizi, kinachokatwa kwanza ni hizo fosfeti, maana bila hizo kimiminika kinaonekana kilekile na kinanuka vilevile. Tofauti utaiona baadaye: vumbi jeusi la kahawia limetapakaa kwenye slaidi, na DNA imekatikakatika hata kipimo cha jeni hakisomi kitu.

Kisha wingi na muda. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Kiingie ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, kikae kati ya saa 6 na 72. Sasa fikiria kinyama kilichochukuliwa Arua Ijumaa mchana, kikakabidhiwa mtoto wa mgonjwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa fomalini, kikapanda basi Jumapili usiku, kikafika mapokezi ya maabara Jumanne. Saa 72 zimeshapita. Huwezi kumlaumu yule kijana aliyekipakata njia nzima, ila unaweza kuhakikisha kwamba fomu ina nafasi ya kuandika saa ya kutiwa na saa ya kutolewa. Utafiti wangu wa kwanza uliokolewa na safu hizo mbili za fomu.

Na mapafu yana tabia yake. Mara ya kwanza kupewa sehemu nzima ya pafu kutoka chumba cha upasuaji, nilifanya kama nilivyozoea kwa figo: nikalitia kwenye ndoo ya fomalini, nikafunika, nikaenda zangu. Pafu ni sifongo, limejaa hewa. Liliogelea usiku kucha. Asubuhi upande wa chini ulikuwa mgumu kama mpira, upande wa juu umekauka, na katikati bado palikuwa pekundu na panaanza kuharibika. Fundi wetu, mama wa makamo aliyekuwa na miaka zaidi kwenye maabara ile kuliko mimi duniani, alilitazama akaguna tu. Lilipokuja jingine aliniita. Alichukua bomba la sindano la mililita 60, akatafuta mdomo wa bronkasi (bomba la hewa la pafu) uliokatwa, akasukuma fomalini polepole. Lile pafu lililokuwa limesinyaa likaanza kuinuka, mikunjo ikajinyoosha, hadi likarudi umbo la pafu. Akafunga mdomo kwa uzi, akaliweka ndooni, akalifunika na shashi iliyoloa. "Lijaze kwanza, daktari, ndipo lizame," akasema.

Hatua ya 3: Umahiri wa patholojia

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu chuo kitakueleza chenyewe. Ni miaka 3, na utasoma kila kiungo: matiti, shingo ya kizazi, tezi dume, ngozi, uboho. Usilalamike kwamba wewe unataka mapafu tu. Uvimbe mwingi utakaoukuta kwenye pafu umehamia kutoka kwingine, na mgeni usiyejua kwao utamwita mwenyeji. Usiikwepe mochwari pia. Ni mahali pekee utakapoona pafu zima, la kulia na la kushoto, na kuelewa kwa nini picha ya eksirei ilidanganya.

Ada na posho zipange mapema. Wengine hudhaminiwa na wizara, wengine hufanya zamu za usiku kliniki binafsi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967 hapo Mulago, ni pazuri pa kuzoeana na watu: hudhuria vikao vyao vya kujadili wagonjwa hata kama hukualikwa kusema.

Hatua ya 4: Sasa jifunze pafu

Nunua au azima kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha uainishaji wa uvimbe wa kifua, toleo la 5 la 2021. Usikariri. Kiweke kando ya hadubini.

Anza kila slaidi kwa lenzi ndogo. Tazama umbo kabla ya seli. Je, kuna vijitezi, au seli zinazotambaa kwenye kuta za vifuko vya hewa? Fikiria adenokasinoma, saratani ya seli za aina ya tezi. Kuna viduara vya keratini kama maganda ya kitunguu, na madaraja membamba kati ya seli? Hiyo ni kasinoma ya seli bapa. Kuna bahari ya seli ndogo za buluu zisizo na mwili, zilizobanana hadi viini vimefinyangana, na zimepondeka kana kwamba mtu amezipitisha kidole? Hiyo ni kasinoma ya seli ndogo, na mpigie daktari simu siku hiyohiyo, maana hukua mbio.

Vinyama vya bronkoskopi, vinavyochukuliwa kwa mrija wenye kamera kupitia njia ya hewa, ni vidogo kama punje za ulezi, vya sindano ni kama vipande vya uzi. Hapo ndipo utaalamu wenyewe ulipo: kutoa jibu bila kula kinyama chote. Mwambie fundi akate slaidi 10 hadi 12 kwa mkupuo mmoja, unene wa maikroni 3 hadi 4, apake rangi ya kawaida moja au mbili na nyingine aziache tupu. Kila kibonge cha nta, ambamo kinyama kimegandishwa, kinaporudishwa kwenye mashine ya kukatia lazima kisawazishwe upya, na kwenye kusawazisha tu unaweza kupoteza nusu ya uvimbe. Kisha omba rangi mbili za kingamwili, zinazonasa protini fulani ndani ya seli, TTF-1 na p40, basi. Ya kwanza huwaka katika adenokasinoma nyingi za pafu, ya pili katika seli bapa. Kama umbo limeshajieleza, usiombe hata hizo. Nimeona ripoti yenye rangi 9 za kuvutia, na chini yake mstari mmoja: kinyama kimekwisha, kipimo cha jeni hakiwezekani. Mgonjwa hakuhitaji rangi 9.

Kipande kigumu chenye mfupa usikubali kilainishwe kwa asidi kali kama unakusudia kupima jeni. EDTA, kemikali ya kuondoa chokaa ya mfupa polepole, huchukua siku nyingi, lakini huiacha DNA salama.

Halafu kifua kikuu. Kila slaidi ya pafu hapa isome ukiwa na magonjwa mawili kichwani. Ukiona granuloma (vifundo vya seli za kinga) zenye kitovu kilichokufa, paka Ziehl-Neelsen, rangi ya kusaka vijidudu vya TB, lakini usifunge faili: TB na saratani huweza kukaa pafu moja, na kovu la zamani linaweza kuwa na uvimbe pembeni. Na ukiwa na wagonjwa wanaoishi na VVU, ongeza kriptokokasi, ambayo ni kuvu, na saratani ya Kaposi kwenye orodha.

Hatua ya 5: Tafuta swali dogo, la kwako

Kwa makadirio ya GLOBOCAN, takwimu za saratani za dunia nzima, mwaka 2022 saratani ya mapafu ilipata watu milioni 2.5 hivi duniani na kuua milioni 1.8, kuliko saratani nyingine yoyote. Kwetu iko nyuma ya shingo ya kizazi, tezi dume na matiti. Je, ni chache kweli, au ni chache kwa sababu zinazikwa kwa jina la TB? Swali hilo peke yake ni kubwa kuliko wewe. Likate.

Kwa tasnifu ya umahiri, toa vibonge vya miaka 10 vya maabara moja, visome upya kwa toleo la 2021, uonyeshe ni vingapi jibu lake limebadilika. Au hesabu kati ya waliopatikana na saratani ni wangapi walianza kutibiwa TB bila kipimo cha makohozi kuthibitisha, na walipoteza miezi mingapi. Au angalia akina mama wasiovuta sigara. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, umeweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kwenye kundi la visababishi vinavyowezekana sana, na jikoni zetu unazijua. Fomu nyingi huuliza "anavuta?" na kuishia hapo. Ongeza swali moja: anapikia wapi, na anatumia kuni, mkaa au nini.

Jeni ni swali la baadaye lakini zuri. Tangu 2004 inajulikana kwamba mabadiliko fulani ya jeni ya EGFR huufanya uvimbe uitikie vidonge maalumu. Kwa Asia ya Mashariki hupatikana karibu katika nusu ya adenokasinoma, kwa wenye asili ya Ulaya asilimia 10 hadi 15. Kwa Waafrika tafiti ni chache na ndogo. Ukiwa na vibonge 100 vilivyohifadhiwa vizuri, una kitu ambacho maabara kubwa za Marekani hazina.

Zana zipo bure. Programu ya QuPath, iliyotoka Belfast, huhesabu seli kwenye picha za slaidi na inakubali kompyuta ya kawaida. Programu ya R itakufanyia takwimu. Hinari ya WHO hufungua majarida kwa taasisi za Uganda bila malipo, muulize mkutubi nywila. Data za jeni za TCGA, mradi wa Marekani wa kusoma jeni za saratani, ziko wazi mtandaoni, unaweza kujifunzia hata kabla hujapata kinyama kimoja.

Hatua ya 6: Ruhusa, na ridhaa kwa lugha ya mtu

Mpangilio ni huu: kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kisha barua ya hospitali yenyewe. Tenga miezi 6, na usiguse hata slaidi moja kabla ya hapo. Majina yaondolewe, Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inakuhusu.

Fomu ya ridhaa itafsiriwe Kiganda, Kilugbara, Kiacholi, Kinyankole, kulingana na wodi. Na Kiswahili usikisahau. Mimi nimekulia kambi ya polisi, Kiswahili nilikijua kabla ya Kiganda, na wodini hukitumia zaidi ya nilivyotarajia: askari wastaafu, madereva wa malori wa Malaba, Wanubi wa Bombo, watu wa West Nile. Mzee mmoja, mwanajeshi wa zamani, alinisikiliza nikisoma fomu nzima, halafu akauliza, "Sasa afande daktari, hii nyama yangu mnakaa nayo siku ngapi?" Nilikuwa nimeandika "sampuli itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye." Nikamwambia: miaka 10, Mzee, kwenye nta, ndani ya droo, ina namba na haina jina. Akauliza kama itauzwa. Nikasema hapana. Akauliza kama ikipatikana dawa ataitwa. Hapo nilinyamaza kwanza, kwa sababu fomu yangu haikuwa na jibu. Tuliiandika upya wiki ile, na sasa ina swali hilo na kisanduku cha kutia alama.

Hatua ya 7: Uzamivu na wenzako wa ng'ambo

Mpango mzuri ni ule wa miguu miwili: umejiandikisha hapa, unakwenda nje miezi 6 kujifunza mashine, unarudi. Ukiondoka moja kwa moja, vibonge hubaki bila mtu wa kuvisoma. Mafunzo mengi ya aina hii yamepitia Fogarty, tawi la NIH, taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, na AORTIC, chama cha utafiti wa saratani Afrika kilichoanzishwa 1983, ni mahali pa kukutana na wenzako wa Ibadan na Nairobi. Usitegemee mfuko mmoja. Waliotegemea mmoja mwaka 2025 waliamka na barua ya kusitisha.

Kinyama kisivuke mpaka bila mkataba wa kuhamisha sampuli, uliosainiwa na taasisi, ukitaja idadi, kipimo kitakachofanywa, siku ya kurudisha, na majina ya waandishi. Hili nimelilipia. Nikiwa kijana nilimkabidhi mgeni mmoja vibonge 40 kwa kupeana mikono, tukiwa tumeshiba chai. Vilirudi 11. Makala ilipotoka, maabara yetu ilishukuriwa mstari wa mwisho, na jina la wilaya lilikuwa limekosewa.

Hatua ya 8: Riziki

Utafiti haulipi kodi ya nyumba kila mwezi. Watafiti wengi wa patholojia ninaowajua hufundisha asubuhi na kusaini ripoti za maabara binafsi jioni. Si aibu, ila weka siku moja ya juma ambayo simu ya maabara binafsi haipokelewi. Yangu ni Jumatano. Makala zangu zote zimeandikwa Jumatano.

Hatua ya 9: Omba ufunguo wa ghala

Wiki yako ya kwanza kazini, kabla ya ofisi na kompyuta, omba ufunguo wa chumba cha vibonge. Nta huyeyuka kwenye joto, hivyo droo zisikae chini ya bati wala karibu na dirisha la magharibi. Mchwa huzipenda mbao za kabati, panya hula nta na kinyama chake. Nunua kabati za chuma, weka mitego, na kila kibonge kilichokatwa kifunikwe uso kwa nta mpya kabla ya kurudishwa. Andika daftari la kutoka na kurudi, lenye saini.

Kibonge cha yule mzee kiko droo ya 14, safu ya tatu. Nimekitoa mara mbili tangu hapo. Alitia alama kisanduku cha ndiyo, na namba ya simu aliyoacha ni ya binti yake.